Gari Kuukuu la Familia: Litunzwe Vipuri Vingali Vipo

Wakazi wa Msasani wanaujua vyema upepo wa bahari. Hupunguza joto la jioni, lakini hubeba chumvi, na chumvi ni adui mkubwa wa gari dogo lililokwisha zeeka.

Ndugu msomaji, chukua mfano wa Toyota Starlet. Kiwanda kiliacha kuliunda mwaka 1999, nafasi yake ikachukuliwa na Vitz. Hata hivyo, lingali likiwapeleka watoto shule na mama sokoni Kinondoni na Temeke, kwa kuwa injini yake ndogo ya sentimita za ujazo 1,300 haili mafuta mengi. Katika mji ambao kila mwezi familia husubiri EWURA itangaze bei kikomo ya petroli, sifa hiyo si ndogo.

Vipuri vya injini hiyo vingali vikipatikana Gerezani na Kariakoo, maana iliwekwa pia katika Corolla za miaka ile. Taabu ipo kwenye bodi. Taa, milango na vioo hutoka katika magari yaliyokatwakatwa, na magari hayo yanapungua.

Uhaba wa vipuri si mgeni kwetu. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, kisha ikaja vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikaadimika. Volkswagen na Peugeot nyingi zikaegeshwa juu ya mawe kwa kukosa kifaa kimoja tu. Nafuu ilianza mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Basi yafaa tujifunze mapema.

Kwanza, usijaze rejeta maji ya kisima. Visima vingi vya pwani vina chumvi, nayo hula rejeta na pampu ya maji hadi injini ichemke na gasketi iungue. Tumia maji maalumu ya kupozea injini.

Pili, osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa baada ya kupita katika madimbwi ya masika. Kutu ikionekana, ikwanguliwe na kupakwa rangi siku zile zile.

Tatu, mkanda wa taimingi ubadilishwe takriban kila kilomita 100,000. Nunua kipuri kwa namba yake, wala si kwa kukisia umbo.

Nne, usibane matumizi kwenye breki. Mlango wa mtumba hauui mtu. Pedi bandia huweza kuua familia nzima.

Tano, pima upepo wa matairi kila wiki na usafishe filta ya hewa. Tairi legevu na filta chafu huongeza ulaji wa mafuta, na hapo faida ya gari dogo hupotea.

Mwisho, baba na mama waweke daftari moja la gari: mafuta, fundi na vipuri. Matengenezo ya mwaka yakikaribia thamani ya gari lenyewe, au kutu ikifika kwenye nguzo za bodi, ni heri kuliuza kabla halijagusa karo ya watoto. Lakini kama hesabu ingali nzuri, litunzwe. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta wa gari kuukuu hauna matofali dukani.