Bizari Yangu Ilikuwa Inaishia Kwenye Rejeta

Nilianza kuhisi kuna jambo nyumbani kwangu pale kopo la bizari lilipokuwa halimalizi wiki. Mpenzi msomaji, sisi ni watu wanne, na pilau kwetu ni ya sikukuu. Sasa bizari ya manjano kopo zima inakwenda wapi? Nikamshuku dada wa kazi. Nikamshuku shemeji yangu aliyekuja kututembelea. Mume wangu hata hakunijia akilini, maana yule mtu akiingia jikoni anatafuta kiberiti tu.

Siri ilifichuka mwezi wa nane, jua kali, vumbi jekundu la Makere limefunika hadi kope. Tulikuwa tunampeleka mama mkwe Kasulu kupimwa presha. Tumepanda kilima, nikaona mshale wa joto kwenye dashibodi umelala kule kwenye herufi ya H. Mume wangu kimya, anatazama mbele kama mtu aliyeko kanisani. Ghafla mvuke ukatoka, akapaki pembeni, akafungua boneti. Maji yaliyokuwa yanachuruzika kwenye rejeta yalikuwa ya njano.

Mama mkwe alishuka, akachungulia, akanusa. "Mwanangu, kumbe gari lako linakula pilau?"

Nilicheka, nakwambia, mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka. Nilikumbuka makopo yote yale, nikahesabu wiki, nikagundua jamaa alikuwa anajua kwa miezi mitatu kwamba rejeta inavuja. Mama mkwe alifika Kasulu kwa bodaboda, mwanamke wa miaka 71 mwenye presha, na mimi nyuma yake kwenye bodaboda nyingine nikiwaza maneno ya kumwambia mwanawe usiku.

Alichonificha

Ngoja nikupe picha kamili. Mume wangu alikuwa na kazi nzuri katika shirika moja lililokuwa linahudumia kambi ya Nyarugusu hapa jirani, ile iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Mkataba ukaisha. Mimi ni mwalimu wa fizikia na hisabati. Tukakaa chini, tukachanga kiinua mgongo chake na mkopo wangu wa SACCOS, tukanunua Toyota Hilux ya 1996, dabo kebini, dizeli, injini ya 3L, gia za mkono. Sisi ni wamiliki wa nne. Kazi yake kubeba maharage na mahindi kutoka vijijini kupeleka Kasulu na Kibondo. Kila mwezi mshahara wangu unakatwa kwa sababu ya lile gari.

Usiku ule nilimuuliza swali moja tu: kwa nini hukuniambia? Akazungukazunguka, mara fundi kasema ni kidogo, mara alitaka amalize msimu. Mwisho akasema, "Mwalimu, nimeshapoteza kazi. Nikikwambia na gari nalo linakufa, utanionaje?"

Wanawake wenzangu, hapo nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga kama mabati dukani. Yote yakaniishia. Hasira ilibaki, sikudanganyi, na siku mbili tulizungumza kwa kupitia watoto. Lakini nilielewa kwamba tukiacha lile gari liendelee kuchemsha, tutapoteza silinda hedi, na silinda hedi ya injini za familia hii ya Toyota haisamehi joto. Inapata ufa. Ikipata ufa, mkopo wa SACCOS unabaki na gari halipo. Siku ya tatu nikamwambia kesho twende gereji wote wawili.

Kwanza ugonjwa, dawa baadaye

Kosa ambalo karibu tulifanye ni kukimbilia kununua rejeta kabla ya kujua kama rejeta ndiyo mgonjwa. Gari linaweza kuchemsha kwa sababu pampu ya maji imechoka, mkanda wa feni umelegea, feni klachi imekufa, au gasketi ya silinda hedi imeungua. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoumiza. Injini ikiwa ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta, washa, tazama. Ukiona mapovu yanapanda mfululizo na harufu ya moshi, au ukikuta chini ya mfuniko wa oili kuna kitu kama uji wa maziwa, basi rejeta mpya ni pesa ya kutupa. Na tafadhali, usifungue mfuniko huo gari likiwa la moto. Nina mwanafunzi ambaye baba yake ana kovu la mkono mzima.

Letu halikuwa na mapovu. Lilikuwa na mengine. Thamostati haikuwepo! Fundi mmoja huko nyuma aliitoa, "ili maji yatembee vizuri." Huu ni ugonjwa wa nchi nzima. Kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ikifunguka huwa inaziba njia ya mkato, maji yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoa. Unadhani umesaidia, kumbe umeharibu. Feni kava nayo ilishavunjika ikatupwa. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuvuta ile inayopita katikati ya rejeta, na ukipanda kilima polepole na magunia ishirini, hapo ndipo unapoihitaji kuliko popote.

Rejeta yenyewe ilikuwa ya shaba, ya zamani, nzito, imelehemiwa mara nyingi hadi inafanana na kiraka. Ndani, vibomba nusu vimezibwa. Kwa nini? Bizari yangu. Bizari inaziba tundu kweli, kwa siku mbili tatu, lakini haichagui tundu la kuziba.

Shaba au alumini?

Fundi wetu ni mzee wa miaka mingi, na msimamo wake haukutetereka: "Shaba ndiyo rejeta. Hizi alumini ni sufuria." Nikamwambia, shikamoo mzee, kwa upande mmoja una haki. Shaba inapitisha joto kuliko alumini, zaidi ya mara moja na nusu. Lakini rejeta si kipande cha shaba. Ni vibomba, na vile vibati vyembamba vilivyokunjwa kati yake, vyote vimeshikanishwa kwa lehemu ya risasi na bati, na lehemu hiyo inapitisha joto kidogo sana. Alumini ni nyepesi, ujazo uleule una uzito usiofika hata theluthi ya shaba, kwa hiyo kiwanda kinaweza kutengeneza vibomba vipana vyenye nguvu bila rejeta kuwa mzigo. Na maungio yake ni ya alumini yenyewe, si risasi. Ndiyo maana viwanda vya magari vilianza kuhama shaba tangu miaka ya 1970 na 1980, ingawa tusidanganyane, bei nayo ilichangia.

Mzee akanijibu kitu ambacho darasani hakimo. "Mwalimu, shaba ikitoboka Makere naiziba Makere. Alumini ikitoboka utaipeleka wapi?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Alumini inachomelewa kwa mashine ya gesi ya argoni na mtu anayejua, na mtu huyo hapatikani kila kijiji. Ukiongeza kwamba rejeta nyingi za alumini za bei nafuu zina tenki za plastiki juu na chini, zimebanwa kwa meno ya bati na mpira katikati, basi plastiki ikipata ufa hakuna cha kuchomelea. Unabadilisha. Kwa barabara zetu za vijijini, zenye mabonde yanayogonganisha meno, nilimwelewa mzee.

Tukabaki na njia tatu. Kubadilisha moyo wa ile ya shaba, na shaba nzuri ilikuwa bei juu. Kununua alumini yenye tenki za plastiki, ndiyo rahisi kuliko zote. Au alumini tupu, tenki na zenyewe alumini zilizochomelewa, ghali zaidi ya ile ya plastiki. Mimi nilitaka ya plastiki, kwa sababu ya makato yangu. Yeye alitaka alumini tupu, na nilimshuku kwamba kinachomvutia ni mng'ao. Tuligombana mbele ya mzee wa watu, akaenda kunywa chai akatuacha.

Kilichoamua ni hesabu ya siku. Kila siku gari linapolala, maharage ya watu yanapakiwa kwenye gari lingine, na mteja akihama harudi. Tenki ya plastiki ikipasuka porini katikati ya msimu, tungepoteza zaidi ya tofauti ya bei. Nikakubali. Nikasema lakini napima mimi.

Rula ya darasani

Na sikupima mara ya kwanza, ndipo tukaumia. Mume wangu alimpigia muuzaji mmoja Dar es Salaam, akamwambia "rejeta ya Hilux ya zamani, alumini," akalipa, mzigo ukaja kwa basi. Tunafungua boksi: mdomo wa juu uko upande mwingine kabisa. Ilikuwa ya injini ya petroli. Hilux za miaka ile ziko za petroli na dizeli, za injini tofauti, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Kuirudisha kulitugharimu nauli mbili na wiki moja ya kununiana.

Mara ya pili nilikwenda na rula, karatasi na simu. Nikapima urefu na upana wa sehemu inayopoza, unene wake, kipenyo cha midomo miwili na upande ilipo, umbali kati ya matundu ya boliti, na mahali feni kava inapofungwa. Nikapima pia nafasi kati ya rejeta na feni, kwa sababu rejeta nene inasogea kwenye mapanga, na ukibakiza chini ya vidole viwili unacheza na moto. Nikapiga picha kibati cha namba ya chasisi na aina ya injini, nikatuma vyote.

Muuzaji akatusifia ile ya safu tatu za vibomba. Nikakataa. Wingi wa safu unavutia kusikia, lakini safu mbili za vibomba vipana zinaweza kushinda tatu za vyembamba, na rejeta nene sana inataka hewa nyingi ambayo kilimani huna. Nikauliza pia kuhusu vile vibati vyake: vikibanana mno vinapoza vizuri mjini, ila huku vinashika vumbi na mbegu za nyasi na kuziba. Tukachukua ya safu mbili, ya vibati visivyobanana sana. Kama gari lako ni la otomatiki, hakikisha tenki ina njia mbili za kupozea oili ya gia. Sisi hatukuzihitaji.

Mfuniko tulinunua mpya, wa 0.9 kama ule wa zamani ulivyoandikwa. Msiudharau mfuniko. Huku nyanda za juu, mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari, maji yakiwa wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mfuniko mzima unayabana hadi yavuke nyuzi 110 bila kuchemka. Uliochoka unakurudisha kwenye 96, na injini yenye mzigo inafika huko bila kutokwa jasho.

Kabla ya kufunga tulisafisha injini nzima kwa maji hadi njano ikaisha. Mzee alisafisha mara nne, kila mara ananitazama mimi kana kwamba bizari niliitia mimi. Thamostati mpya, hosi mpya, feni kava ya mtumba, na raba mpya za kukalia rejeta, kwa sababu alumini iliyochomelewa nayo hupasuka pembeni ikitikiswa bila raba. Ndani tukatia kulanti nusu na maji ya kudondoshwa nusu, yale safi ya kuongezea betri, usichanganye na asidi. Maji ya mtoni yana chumvi na matope, na alumini inaliwa nayo taratibu kuliko unavyofikiri.

Masharti nyumbani

Tulipatana mambo mawili. Kuna daftari ndani ya gari, na kila asubuhi kabla ya kuwasha anaandika kiwango cha maji na oili. Jumamosi nalisoma mimi. Mwanzoni alilalamika kwamba namkagua kama mwanafunzi. La pili ni langu: akiniambia habari mbaya, sitaipokea kwa hesabu za mkopo papo hapo. Ningojee walau hadi kesho yake. Nimeshindwa mara mbili, nakiri.

Vumbi analitoa yeye kila wiki kwa maji ya bomba, kutoka upande wa injini kwenda nje, taratibu. Zile pampu za kuoshea magari zinakunja vibati.

Mwezi uliopita nilipanda naye hadi Kibondo, nyuma gunia ishirini na mbili. Siku hizi mradi wa lami wa Kabingo hadi Kasulu na Manyovu umetubadilishia njia kubwa, ila mzigo wenyewe bado tunaufuata huko ndani kwenye vumbi. Tulipofika kwenye kilima kibaya akanigusa goti, akanionyesha dashibodi kwa kidevu. Mshale umesimama katikati, hausogei. Hakusema kitu. Tulipofika sokoni akateremka kwanza yeye, akapotea kidogo, akarudi na mfuko mdogo wa karatasi.

"Hii ya jikoni," akasema.