Kumbukumbu ya Zamani ya Kompyuta Isitupwe Ovyo



Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme wa majenereta ya dizeli. Mwaka 2022 miji hiyo iliunganishwa na gridi ya Taifa. Siku hizi kompyuta si kitu kigeni kwetu. Tunaiona katika shule za sekondari, katika ofisi na katika vyama vya ushirika.

Kompyuta nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu ni za mtumba. Baada ya muda katibu hulalamika kwamba mashine inakwenda polepole. Fundi akiitwa, husema, "Iongezwe kumbukumbu." Hapo fedha za wanachama zinatakiwa. Je, wanachama watajuaje kama fedha hizo zimetumika vizuri? Watajua wakiweza kusoma na kuhesabu. Wewe sasa unaweza yote mawili.

UNGO NA GUNIA

Mama anayechagua maharage huwa na gunia na ungo. Gunia linatunza maharage yote. Ungo unashika yale anayoyachagua sasa. Ungo ukiwa mdogo, mama huinama kwenye gunia mara nyingi. Kazi huchelewa, ingawa mikono yake ni myepesi.

Kompyuta nayo ina gunia na ungo. Gunia lake ni diski. Humo hukaa barua, majina ya wanachama na hesabu zote, hata umeme ukizimwa. Ungo wake ni kumbukumbu. Mafundi huiita ramu. Humo hukaa kazi inayofanywa wakati huu tu. Umeme ukizimwa, ungo hubaki mtupu.

Kumbukumbu ni kibao chembamba, kirefu kama kijiti. Cha kompyuta ya mezani kina urefu wa sentimita 13 hivi. Kinachomekwa katika mfereji ndani ya kompyuta. Kompyuta nyingi zina mifereji 2 au 4. Ukubwa wa kumbukumbu hupimwa kwa gigabaiti. Kwenye kijiti huandikwa GB.

HESABU YA KUONGEZA

Tuchukue mfano. Kompyuta ya chama ina mifereji 2. Mfereji mmoja una kijiti cha gigabaiti 2. Mfereji wa pili ni mtupu. Chama kimenunua kijiti cha gigabaiti 4.

Kijiti cha zamani kikibaki ndani, hesabu ni hii: 2 + 4 = 6.

Kijiti cha zamani kikitolewa, kompyuta itabaki na 4 tu. Chama kimelipia 4, lakini kimeongeza 2. Hizo 2 nyingine zimetoka pamoja na kijiti cha zamani. Kama kijiti hicho kimo mfukoni mwa mtu, mali ya wanachama imepotea.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza maswali matatu. Mifereji ni mingapi? Mitupu ni mingapi? Je, kijiti cha zamani kinaweza kukaa pamoja na kipya?

Uliza pia mashine inapokea kumbukumbu kiasi gani. Kila kompyuta ina kikomo chake. Tena, ikiwa Windows iliyowekwa ni ya biti 32, kumbukumbu inayozidi gigabaiti 4 haitumiki. Hapo 6 zetu zitafanya kazi ya 4 tu, na 2 zitalala bure.

SOMA KARATASI YA KIJITI

Kila kijiti kina karatasi ndogo iliyobandikwa. Huenda ikaandikwa hivi:

4GB 1Rx8 PC3-12800U

Maandishi haya yanatisha, lakini tuyasome kipande kimoja kimoja.

(a) 4GB. Huu ndio ukubwa, yaani gigabaiti 4.

(b) PC3. Hii ndiyo aina. Tarakimu 3 maana yake ni aina ya tatu. Vijiti vingine vimeandikwa DDR3. Maana ni ileile. Aina ya tatu ilianza kuuzwa mwaka 2007. Aina ya nne, yaani PC4, ilianza mwaka 2014.

(c) 12800. Hii ndiyo kasi. Tarakimu ikiwa kubwa, kasi ni kubwa.

(d) U. Herufi hii inaonyesha kijiti cha kompyuta ya mezani. Ukiona S, ni cha kompyuta ya mapajani, nacho ni kifupi.

Sasa shika kanuni hii: aina lazima ifanane. PC3 hukaa na PC3. PC4 hukaa na PC4. Mpini mnene huchongwa ukaingia katika jembe, lakini kijiti cha kumbukumbu hakichongwi. Chini yake kina pengo dogo. Pengo la aina ya tatu haliko mahali pamoja na pengo la aina ya nne. Watengenezaji walifanya hivyo makusudi, kwa sababu aina hizo hutumia nguvu tofauti za umeme. Kijiti kikikataa kuingia, usikilazimishe. Utavunja kijiti na mfereji.

Ukiona PC3L, mwulize fundi. Herufi L inaonyesha kijiti kinachoweza kutumia umeme mdogo zaidi. Ziko mashine zinazotaka hicho tu.

Kasi si lazima ilingane. Ukichanganya kijiti cha kasi 10600 na cha kasi 12800, kwa kawaida vyote viwili vitakwenda kwa 10600. Ni kama watu wawili wanaobeba mzigo mmoja. Mwenye mbio humfuata mwenziwe. Ukubwa nao unaweza kutofautiana katika mashine nyingi. Hata hivyo, vijiti viwili vinavyofanana hufanya kazi vizuri zaidi.

Kwa sababu hiyo, nenda dukani na kijiti cha zamani au na maandishi yake uliyoyanakili katika daftari. Usinunue kwa kukisia.

JINSI YA KUKIWEKA

Kazi hii si ngumu, lakini inataka utulivu. Hata kama fundi ndiye anayeifanya, simama karibu uone.

1. Nakili kwanza hesabu za chama katika flashi. Iweke flashi mahali salama.
2. Zima kompyuta. Chomoa waya wa umeme. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda mfupi, ili umeme uliobaki ndani uishe.
3. Fungua ubavu wa kasha kwa bisibisi. Usifungue kisanduku cha umeme kilichomo ndani. Hicho ni cha hatari hata waya ukiwa umechomolewa.
4. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kijiti. Wakati wa kiangazi, ukivua sweta usiku, husikia linaalika? Huo ni umeme mdogo. Wewe haukuumizi, lakini unaweza kuua kijiti.
5. Shika kijiti kwenye kingo. Usiguse meno yake ya rangi ya dhahabu.
6. Fungua vibano vya mfereji. Linganisha pengo la kijiti na kikwazo cha mfereji. Kandamiza pande zote mbili mpaka vibano vifunge.
7. Rudisha kila kitu, kisha washa. Soma kwenye kioo kiasi cha kumbukumbu. Kama ulitegemea 6 nawe unaona 4, kijiti kimoja hakijakaa vizuri au hakifanyi kazi.

Ndani ya Windows imo programu ya kupima kumbukumbu. Mwambie fundi aiendeshe kabla hujamlipa. Jambo hili ni la maana sana. Kijiti kibovu huweza kuzimisha mashine ghafla. Huweza pia kuharibu tarakimu za hesabu, na mkulima akapunjwa malipo yake bila mtu kukusudia.

KIJITI KILICHOTOLEWA

Wakati mwingine kijiti cha zamani hakiwezi kubaki. Huenda mifereji imejaa vijiti vidogo. Huenda kompyuta mpya ni ya aina nyingine. Hata hivyo, kijiti kizima bado ni mali. Kiandikwe katika daftari la mali ya chama. Kifungwe katika mfuko wa karatasi kavu, kisikwanguzwe na misumari au sarafu. Huenda shule jirani ina kompyuta ya aina hiyo inayokihitaji.

Usiogope kwamba siri za chama zitakwenda nacho. Tumekwisha kusema kwamba ungo hubaki mtupu. Lakini diski si ungo, ni gunia. Diski usimpe mtu kabla mambo yaliyomo hayajafutwa kabisa.

Kijiti kilichokufa kisitupwe katika shimo la takataka na kuchomwa moto. Moshi wake una sumu. Tangu mwaka 2021 nchi yetu ina kanuni za taka za umeme. Kihifadhi mpaka apatikane mkusanyaji mwenye kibali.

TUSIRUDIE HASARA

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta kutoka nje, baada ya mashine kugharimu fedha nyingi na kuvuruga hesabu. Marufuku hiyo haipo tena, lakini funzo lake lipo. Mashine ambayo mwenyewe haifahamu huweza kumla mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kompyuta ina mifereji 2. Kila mfereji una kijiti cha gigabaiti 2. Chama kimenunua kijiti kimoja cha gigabaiti 4. Kipi kitatolewa? Jumla mpya ni ngapi? Zimeongezeka ngapi?
2. Kijiti kimoja kimeandikwa PC3, kingine PC4. Je, vitakaa pamoja? Kwa nini?
3. Katika kijiji chako, nani anaandika vifaa vya zamani vinavyotolewa katika mashine? Kama hayupo, mumchague nani?