Je, Wajua? Kompyuta Haikisii Unachotafuta

Ukiiambia kompyuta itafute neno katika orodha, haiitupii macho orodha yote kwa mara moja. Huanza na la kwanza: ndilo? Silo. La pili je? Huendelea hivyo hadi ilipate au orodha iishe.

Chukua Python, lugha ya programu iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ambayo wanagenzi wengi huanzia. Andika:

miji = ["Tanga", "Kisumu", "Mwanza"]

Ukiuliza "Mwanza" in miji, utajibiwa True, yaani kweli. Uliza "mwanza" in miji, utajibiwa False. Mji ni ule ule, lakini kwa kompyuta kila herufi ni namba: M kubwa ni 77, m ndogo ni 109. Hata nafasi tupu iliyojibanza mwishoni, "Mwanza ", huleta jibu la hapana. Ndiyo maana waandishi wa programu husafisha maneno kabla ya kuyalinganisha: strip() huondoa nafasi za pembeni, lower() hugeuza herufi zote kuwa ndogo.

Kinachowatoa wengi jasho ni vipande vya maneno. "Mwa" in "Mwanza" ni kweli, kwa sababu hapo Python inachungulia ndani ya neno. "Mwa" in miji si kweli, kwa sababu katika orodha hutafutwa neno zima. Ukitaka kipande, pitia mji mmoja mmoja:

[m for m in miji if "Mwa" in m]

Na kasi je? Katika orodha ya majina 1,000,000, jina lisilokuwemo hulinganishwa mara 1,000,000. Majina yakipangwa kialfabeti, unaweza kuanzia katikati, ukatupa nusu isiyohusika, ukarudia. Hatua 20 zinatosha. Seti, aina nyingine ya mkusanyiko katika Python, hupita njia nyingine: Python hukokotoa namba kutokana na herufi za neno, na namba hiyo huielekeza moja kwa moja mahali pa kuangalia. Kwa kawaida, ukubwa wa seti haubadilishi sana muda wa kutafuta.

Kwa miji mitatu hutaona tofauti. Kwa mamilioni ya majina yanayotafutwa kila mara, seti ndiyo mkombozi, ila ina gharama yake: haitunzi mpangilio, na jina likirudiwa hubakiza moja tu. Ukihitaji kujua nani alitangulia kujiandikisha, utabaki na orodha.