Kijana Mwenye Ulemavu na Kazi Yake ya Kwanza

Kijana wetu anayetumia kiti cha magurudumu anakaribia kumaliza chuo. Je, arudi kukaa nyumbani? Hapana.

Nchini Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 nayo inakataza ubaguzi wa namna hiyo kazini.

Lakini sheria haiendi kumwombea kazi. Lazima ajieleze mwenyewe. Aanze akiwa bado masomoni: wakati wa mafunzo kwa vitendo atambue analoliweza na linalomkwamisha. Kwenye usaili hana haja ya kusimulia ugonjwa wake wote. Aseme anachohitaji ili afanye kazi vizuri: "Naomba chumba cha chini kisicho na ngazi." Asiyesikia aombe maelekezo kwa maandishi. Hata akishaajiriwa, maumivu yakizidi aseme mapema, asingoje kuugua.

Mzazi, msindikize hadi mlangoni, lakini usimjibie maswali. Anayeajiriwa ni yeye.