Je, Wajua? Ndege Inayovuka Meza kwa Sekunde Moja

Je, wajua kwamba ndege ya kivita, ikipunguzwa kwa kipimo kilekile cha visanamu vya askari katika michezo ya vita vya mezani, huivuka meza nzima kwa sekunde moja tu? Chukua Typhoon, ndege ya Uingereza iliyowinda vifaru huko Normandy, Ufaransa, mwaka 1944. Ilikimbia hadi kilomita 650 hivi kwa saa, yaani mita 180 kwa sekunde. Katika skeli ya 1:100, inayotumiwa na mchezo wa Flames of War kutoka New Zealand, mita 180 ni sentimita 180, na huo ndio urefu wa meza ya kawaida ya futi 6. Askari wa miguu, hata akikimbia, ndani ya sekunde hiyo anasogea sentimita chache tu.

Kimo nacho ni tatizo. Ndege ya B-17 ilidondosha mabomu ikiwa kwenye kimo cha mita 7,000 na zaidi. Kwa skeli hiyohiyo, mchezaji angelazimika kuining'iniza mita 70 juu ya meza, usawa wa ghorofa ya ishirini! Ndiyo maana michezo mingi haiichukulii ndege kama kifaru chenye mabawa. Huitwa, hurushiwa dadu, hushambulia, kisha huondolewa. Kile kisanamu kizuri kilichosimama juu ya kijiti cha plastiki ni alama tu ya kuonyesha shambulio linaangukia wapi.

Je, wajua kwamba H. G. Wells, aliyetoa riwaya nzima kuhusu vita vya angani mwaka 1908, alipochapisha kanuni zake za vita vya mezani, Little Wars, mwaka 1913, alipanga askari wa miguu, wapanda farasi na mizinga, na ndege akaziacha nje? Mwaka 1966 Mwingereza Donald Featherstone alizipa ndege kitabu chao, Air War Games. Waitaliano waliobuni Wings of War mwaka 2004 waliiondoa ardhi karibu yote: ndege hupigana zenyewe kwa zenyewe, na kimo huonyeshwa kwa kupachika vijiti zaidi chini yake.

Katika Bolt Action, mchezo wa Rick Priestley na Alessio Cavatore uliotoka mwaka 2012, mchezaji huweka mezani askari mwelekezi wa ndege. Akishaomba msaada, dadu huamua kama ndege itafika, itachelewa, au rubani atakosea na kuwashambulia wenzake. Wachezaji wapya hulalamika kwamba hiyo ni bahati nasibu. Mimi naiona kuwa kanuni ya kweli kabisa. Tarehe 24 na 25 Julai 1944, karibu na Saint-Lô, huko Normandy, mabomu ya ndege za Marekani yaliua zaidi ya askari 100 wa Marekani yenyewe, akiwemo Jenerali Lesley McNair.

Na shabaha je? Waingereza waliwahi kuweka kifaru cha Kijerumani aina ya Panther, kimesimama na kupakwa rangi nyeupe kionekane vizuri, kisha Typhoon zikakirushia roketi 64. Zilizokipata ni tatu. Baada ya mapigano ya Mortain, hukohuko Normandy, Agosti 1944, marubani walidai vifaru kwa mamia. Wachunguzi walioukagua uwanja walihesabu tisa tu vilivyoharibiwa kwa silaha za ndege. Lakini walikuta pia magari mazima yaliyotelekezwa. Kwa hiyo kanuni inayoipa ndege nguvu ndogo ya kuua na nguvu kubwa ya kutisha, hata kikosi kisichoguswa kikashindwa kusogea, imeielewa vita ile kuliko inayofuta vifaru vitatu kwa dadu moja.

Kuna kazi nyingine ya ndege ambayo wachezaji wengi huisahau: kuwa macho ya mizinga. Je, wajua kwamba mfano mmoja bora ulitokea Rufiji? Mwaka 1915 meli ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha ndani ya delta, nyuma ya mikoko, na meli za Uingereza Severn na Mersey zilipaswa kuipiga bila kuiona. Jaribio la tarehe 6 Julai halikufaulu. Tarehe 11 ndege iliyotoka kisiwa cha Mafia iliwaelekeza wapigaji, kwa simu ya upepo, kila kombora lilikoangukia. Ndege ilipigwa, na ilipokuwa ikiporomoka, mtazamaji wake Arnold aliendelea kutuma masahihisho huku rubani Cull akiitafutia mahali pa kutua mtoni. Wote wawili waliokolewa, na siku hiyohiyo nahodha wa Königsberg akaamuru meli yake iharibiwe.

Anayetaka kuiweka Rufiji mezani asiipe ndege hiyo bomu hata moja. Kila zamu inayopita ikiwa hewani, meli zipewe dadu ya ziada ya kulenga. Ikiangushwa mapema, zirudi kupiga kwa kubahatisha.