Ufungaji katika mpira wa pete

Ufungaji katika mpira wa pete ni ustadi wa kurusha mpira ili upite ndani ya pete kutoka juu kwenda chini. Kati ya wachezaji saba wa timu, ni wawili tu wanaoruhusiwa kufunga: mwenye herufi GS na mwenye herufi GA kwenye vazi lake. Kwa hiyo kazi ya wenzao watano inaweza kupotea bure ikiwa wawili hao wanafunga leo na kukosa kesho.

Nchini Tanzania mchezo huu husimamiwa na chama cha CHANETA, na timu ya taifa huitwa Taifa Queens. Wasichana wengi hujifunza shuleni, wakitazamia mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Katika wilaya za Dar es Salaam kama Kinondoni na Temeke, mfungaji chipukizi mara nyingi hufanya mazoezi kwenye uwanja wa udongo au mchanga, mpira mmoja ukitumiwa na wengi. Hivyo namna anavyotumia zamu yake ina uzito kuliko idadi ya mitupo.

Kanuni na vipimo

Pete ina kipenyo cha sm 38 na iko mita 3.05 kutoka ardhini. Tofauti na mpira wa kikapu, hakuna ubao nyuma yake wa kuurudisha mpira. Mfungaji lazima awe ndani ya nusu duara lenye nusu kipenyo cha mita 4.9, na aurushe mpira kabla ya sekunde 3 kupita tangu aushike. Mlinzi anaruhusiwa kunyoosha mikono mbele yake akiwa umbali wa mita 0.9.

Mpira namba 5, unaotumiwa na wakubwa, una kipenyo cha takriban sm 22. Ukishuka kwa pembe ya nyuzi 60, upana wa pete unaoukabili ni karibu sm 33. Kwa nyuzi 45 upana huo hupungua hadi sm 27. Kwa nyuzi 35 haufiki hata sm 22, na mpira hauwezi kupita bila kugonga chuma. Ndiyo sababu makocha husisitiza mtupo wa juu: unasamehe makosa madogo, na pia hupita juu ya mikono ya mlinzi.

Mbinu ya kurusha

Mfungaji husimama akielekea pete, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega. Mpira huwekwa juu ya kichwa, ukikaa kwenye vidole vya mkono mmoja, na mkono wa pili huutegemeza kwa pembeni. Magoti na kiwiko hukunjwa pamoja, kisha hunyooshwa pamoja, na kiganja humalizia kwa kuinamia pete. Nguvu kubwa hutoka magotini. Mtoto anayetegemea mikono pekee huchoka mapema, na mitupo yake huanza kuwa mifupi. Nchini Australia watoto wadogo hutumia mpira namba 4 na nguzo za mita 2.4, ili wasiharibu mtindo kwa kulazimisha nguvu.

Mazoezi

Kinachopaswa kubaki vilevile ni mwenendo wa mfungaji: kutuliza miguu, kutazama, kukunja, kurusha. Mahali pa kurushia panapaswa kubadilika. Mwaka 1978 Robert Kerr na Bernard Booth walichunguza watoto wa miaka 8 waliorusha vifuko kwenye shabaha. Waliojizoeza kwa umbali wa futi 2 na 4 walilenga vizuri zaidi kwa futi 3 kuliko waliojizoeza kwa futi 3 pekee. Anayeanza kabisa huhitaji kwanza kurudia karibu na nguzo, lakini akishashika mtindo hufaidika kwa kuhama kila baada ya mtupo mmoja au miwili.

Macho nayo hufundishwa. Mwaka 1996 Joan Vickers alionyesha kuwa warushaji hodari wa mpira wa kikapu hutuliza macho mahali pamoja kwa muda mrefu zaidi kabla ya kurusha. Mfungaji anaweza kuchagua sehemu moja ya pete na kuitazama hiyo tu. Utafiti wa mwaka 2005 kuhusu mpira wa kikapu ulionyesha pia kuwa kufikiria pete huleta usahihi zaidi kuliko kufikiria kiganja. Hivyo agizo kama "uangushe mpira ndani kutoka juu" husaidia kuliko kumtajia mtoto viungo vyake kimoja kimoja.

Hali ya mechi huongezwa polepole: kupokea pasi kabla ya kurusha, mwenzake kunyoosha mikono mbele yake, kuhesabu sekunde 3, na kurusha baada ya kukimbia. Dar es Salaam upepo wa kusi na wa kaskazi husukuma mpira wa juu, kwa hiyo inafaa kufanya mazoezi kwenye nguzo zote mbili.

Kuweka kumbukumbu

Daftari hutosha kupima maendeleo. Mfungaji huandika mitupo iliyoingia kati ya 20, akitenganisha ya karibu, ya kati na ya mbali, na aina ya kosa. Mitupo mifupi mara nyingi huonyesha uchovu au magoti yasiyokunjwa. Inayokwenda pembeni huonyesha mkono wa pili unaosukuma au mwili usioelekea pete. Kocha husahihisha kosa moja kwa wakati mmoja, na hulinganisha wiki na wiki, kwani siku moja mbaya haionyeshi kiwango cha mchezaji. Mitupo ikianza kuharibika kwa uchovu, ni afadhali kupumzika kuliko kuendelea kuzoea kosa.