Maji katika taa za motokari: mpira wa zamani unaweza kukusaidia

Kabla ya mvua kuanza tena, zunguka nyuma ya motokari yako na utazame taa zake vizuri. Je, ndani ya kioo chekundu kuna ukungu? Kuna vumbi jekundu lililoshikamana kama matope? Kama ni hivyo, ule mpira mwembamba unaokaa kati ya kioo na nyumba ya taa umekufa.

Wengi wanasema: "Ni maji kidogo tu, taa inawaka njo vile." Inawaka leo. Lakini maji yale yanaleta kutu pale ampuli inapokaa, na kutu inazuia umeme. Siku moja unakanyaga breki na nyuma hakuna kitu kinachowaka. Wewe hauone, maana umeketi mbele. Anayepaswa kuona ni shofere wa kamyo yenye kubeba mawe ya madini, anayekuja nyuma yako usiku katika barabara ya Likasi na Kolwezi. Kamyo ya namna ile haisimami kwa mita kumi. Na ndani ya motokari yako kuna mama na watoto.

Kwa nini mpira unakufa? Jua linaukausha, moto wa ampuli unaupika, na kisha miaka mingi ya kubanwa na visi inaufanya kuwa bapa na mgumu. Ukiukunja, unapasuka. Kwetu hapa vumbi la kiangazi linaingia kwanza, mvua inalikuta ndani.

Kununua taa nzima kwa sababu ya mpira tu ni kupoteza feza bule. Tafuta shambere ya zamani ya gurudumu, yaani mpira ule wa ndani unaoshika hewa. Shambere nyingi za motokari zinatengenezwa kwa mpira unaoitwa butili, nao unavumilia jua na hewa kuliko mpira wa kawaida. Ya kamyo ni nzuri zaidi kwa kuwa ni nene. Ya kinga ni nyembamba mno. Wanaotengeneza magurudumu kando ya barabara wanazo zilizopasuka, na mara nyingi wanakukatia kipande kwa bei ndogo sana. Osha kipande hicho kwa sabuni, maana ndani kuna unga mweupe, na ukikaushe.

Kazi hii inafaa kwa taa ambazo kioo chake kinafungwa na visi: pikapu, kamyo, remorki, na Land Cruiser za aina ya 70 ambazo Toyota ilianza kuzitoa mwaka wa 1984. Taa za mbele za motokari nyingi za sasa kioo kimebandikwa kwa gundi kiwandani. Hizo usizipasue kwa kisu. Na mahali popote, mpira usiguse ampuli.

Fungua visi, ondoa kioo. Weka kioo juu ya shambere, uzungushe kalamu kwa nje, kisha pima upana wa mfereji ambamo mpira wa zamani ulikaa na uchore mstari wa ndani. Usifuate unene wa mpira wa zamani, kwani umekwisha kubanwa. Mpya lazima uwe nene kidogo. Kata kwa wembe mpya, polepole, na ukate duara nzima bila kiungo. Kama kipande hakitoshi na lazima uunge, kata ncha zote mbili kwa kiegama ili zilaliane, na weka kiungo upande wa chini, maana maji yanatoka juu. Matundu ya visi yanawasumbua vijana wengi: wanayatoboa kwa msumari, na mpira unachanika. Chukua kipande cha antena ya radio iliyovunjika, noa mdomo wake, weka mpira juu ya ubao na upige nyundo mara moja. Tundu linatoka safi kabisa.

Kabla ya kufunga, kwangua kutu pale ampuli inapokaa na pale waya wa masi unaposhika chuma. Masi mbovu njo inafanya ukanyage breki na taa ya kupinda iwake kidogo! Watu wanabadilisha ampuli tatu na shida iko pale pale.

Usipake mafuta ya motere juu ya mpira, yanauvimbisha. Maji ya sabuni yanatosha ili uteleze mahali pake. Wengine wanajaza silikoni pande zote. Ile yenye harufu kali kama siki inakula chuma, na siku ampuli itakapoungua utavunja kioo ukitaka kukifungua. Tena, taa nyingi zina kitundu kidogo chini cha kutolea maji na hewa: usikizibe.

Kaza visi kidogo kidogo, hii kisha ile ya upande mwingine, kwa vidole viwili tu. Kioo cha plastiki kinapasuka haraka. Halafu mwaga ndoo ya maji kutoka juu, ngojea kidogo, washa taa zote na mwambie mtoto asimame nyuma. Wewe kanyaga breki, yeye apaze sauti: "Papa, zote mbili zinawaka!" Kama kesho asubuhi hakuna ukungu ndani, geukia taa ya upande wa pili, maana mpira wake una umri uleule.